Kwa nini virusi huwalemea zaidi wazee

Ugonjwa wa SARS ulianza kujitokeza mkoani Guangdong, kusini mwa China, mwezi Novemba mwaka 2002. Mwanzoni mwa mwaka 2003 hospitali za Guangzhou, mji mkuu wa mkoa huo, zilikuwa zikipokea wagonjwa wengi. Daktari mmoja wa mji huo, mwenye umri wa miaka 64, alisafiri kwenda Hong Kong tarehe 21 Februari akiwa tayari ameambukizwa, akafariki dunia huko tarehe 4 Machi.

Duniani kote waliougua SARS walizidi 8,000, na 774 walifariki. Hata hivyo, hatari haikuwa sawa kwa wote. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwezi Mei mwaka 2003, miongoni mwa wagonjwa wasiozidi miaka 24 hakufariki hata mmoja katika kila mia. Miongoni mwa wenye miaka 65 na zaidi, ilikuwa zaidi ya nusu.

Husemwa kwamba kinga ya mzee imedhoofika. Kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Nyuma ya mfupa wa kidari iko tezi ya thaimasi, inayokomaza chembechembe nyeupe za damu ziitwazo seli za T. Tezi hiyo huanza kunywea mapema, na nafasi yake hujaa mafuta. Mzee hubaki na seli nyingi zinazokumbuka maradhi ya zamani, lakini chache zilizo tayari kujifunza adui mgeni, na virusi vya SARS vilikuwa vigeni kwa kila mtu. Aidha, interferoni, ambayo hutahadharisha seli jirani, hutolewa kwa kuchelewa. Virusi huzaliana, kisha kinga huzinduka kwa kishindo, na mapafu huumizwa na mwili wenyewe.

Jambo lingine husahauliwa: homa ni kazi ya kinga. Mzee aweza kuwa na kichomi bila joto kupanda, akakosa tu hamu ya kula, akaanguka au akachanganyikiwa. Mwaka 2003 vipimajoto vya viwanja vya ndege visingeweza kumtambua mgonjwa wa namna hiyo. Nyumbani nako jamaa husema ni uzee tu, na siku za matibabu zikapotea.

Chanjo nayo hukutana na kinga hiyo hiyo isiyo nyepesi kujifunza. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi wenye miaka 65 na zaidi hupewa chanjo ya mafua yenye kipimo kikubwa kuliko cha vijana.