Jiliwa la Kujiundia Huokoa Vidole vya Fundi

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Kipande cha chuma kinachoshikwa kwa mkono chini ya mashine ya drili kinaweza kunaswa ghafla na keekee, kikazunguka nayo kama pangaboi. Vilivyo karibu zaidi wakati huo ni vidole. Hatari hiyo inamkabili kila kijana anayejifunza kazi ya chuma katika karakana ndogo, iwe Makina kule Kibera au Gatina katika Kawangware.

Dawa yake ni jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi. Lile la kufungwa kwenye meza ya drili au ya mashine ya milingi, inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, huwa ghali likiwa jipya. Hata hivyo, fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea, msumeno na tupa anaweza kujiundia.

Tafuta pau mbili bapa zenye unene wa milimita 12 na urefu wa milimita 200. Zilaze sambamba, ziachane milimita 20, na uziinue kwa vipande vya chuma kwenye ncha zote mbili. Chomelea taya lisilosogea upande mmoja, na nati kubwa upande wa pili. Jeki kuukuu ya gari, ile ya skrubu, hutoa skrubu na nati nzuri. Bolti ya milimita 16 yenye meno ya kawaida pia inafaa: kila mzunguko husogeza taya milimita 2.

Taya linalosogea ndilo lenye siri. Likikazwa, hupenda kuinuka, na chuma kilichobanwa huinuka nalo. Kwa hiyo lifungie bamba chini, kupitia ule mwanya wa katikati, na uiweke skrubu isukume karibu na usawa wa chuma kinachobanwa, si chini.

Usichomelee kwa pupa, kwani joto hupinda chuma. Anza kwa vidoadoa, ukibadilisha pande, kisha acha kipoe. Ndipo upige tupa mpaka taya lisimame wima juu ya pau, ukipima kwa pembe-mraba.

Sasa chukua gazeti hili ukishalisoma. Kata vipande vinne, uviweke kwenye pembe nne za mataya, kaza, kisha vuta kimoja kimoja. Kinachochomoka kwa urahisi kinakuonyesha pembe isiyobana. Mwisho, funga jiliwa mezani kwa bolti mbili. Kwenye milingi, kisu kile chuma kidogo kidogo.

Nunua vyuma kwa wauzaji wenye leseni, na uhifadhi risiti. Reli ya kwenda Kisumu inapita Kibera, lakini reli si duka la vyuma. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu baada ya mitambo ya umeme kuharibiwa, na marufuku ya aina hiyo humwumiza pia fundi anayenunua kwa haki.

Nawe mzazi unayempeleka mwanao kujifunza kazi, usiulize ada pekee. Tazama meza ya drili, uulize: hapa chuma hushikwa na nini?