Pumba kwa Kuku, Weupe kwa Mtoto

Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa Njombe ni mfupi kuliko umri wake, usianzie zahanati. Anzia mashineni. Mahindi yanafika na punje kamili, yanakobolewa, yanasagwa, inatoka sembe nyeupe kama chokaa. Pumba zinafungwa kwenye kiroba kwa ajili ya kuku na nguruwe, na humo kirobani ndimo vilimobaki kiini cha punje, mafuta yake na sehemu kubwa ya vitamini. Kuku akinona anapelekwa mnadani, mayai yake yananunua sukari na sabuni. Mtoto anakorogewa uji wa ule weupe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Iringa ilikuwa 57. Njombe na Rukwa zilikuwa karibu nusu kwa nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji! Dar es Salaam, isiyo na shamba la mahindi la kutaja, ina afadhali kubwa.

Wapo wanaosema, "Sisi ni wafupi tangu kwa mababu." Shirika la Afya Duniani, kabla ya kutoa viwango vya ukuaji vya mwaka 2006, liliwapima watoto waliotunzwa vizuri huko Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Urefu wao ulikaribiana mno. Mababu tuwaache wapumzike.

Lakini sembe peke yake haitoshi kubeba lawama. Msimu wa kulima, shamba liko mbali. Mama anatoka alfajiri, mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake wa miaka saba na chupa ya uji. Uji huo umezimuliwa ili unyweke, na tumbo la mtoto ni dogo: anashiba maji, analala, anaamka na njaa ileile. Kumwambia mama huyo amlishe mwanawe mara tano kwa siku, bila kuuliza nani atakayepalilia, naona ni kumkejeli.

Jambo hili Iringa ililijua mapema. Mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na fedha za Italia, vijiji vya mkoa huo vilianza kuwapima watoto uzito na kukaa kujadili wenyewe kwa nini huyu amepungua: chakula, maradhi, au hana wa kumwangalia? Utapiamlo mkali ulishuka, na maswali hayo ya vijijini yakachangia mwongozo ambao UNICEF iliutoa kwa dunia nzima mwaka 1990. Ila mizani ina upofu wake. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa, mstari wa kadi ya kliniki ukapita kwenye kijani, mama akarudi nyumbani ametulia. Ufupi huonekana kwenye kibao cha kupimia urefu.

Miaka hiyohiyo, Taasisi ya Chakula na Lishe ilihimiza kitu ambacho siku hizi sikisikii sana: kimea. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa ukauke kabisa, unasagwa. Unapika uji mzito, karibu na ugali laini, unauepua upoe kidogo, unakoroga kijiko kimoja cha unga huo. Baada ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Unaurudisha jikoni uchemke tena, na mtoto anakunywa chakula cha kweli. Ukitumia dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, na karanga zilizopondwa, ndiyo bora zaidi.

Hakuna haja ya semina. Kimea ndicho kinachoivisha pombe ya kienyeji, na mara nyingi anayeipika pombe hiyo ya kuuza ni mama huyuhuyu. Kijiko kimoja kwa bakuli hakitaipunguza pombe ya Jumamosi.