Kabla Hujanunua Spea Mpya ya Baiskeli

Kutoka ufuo wa Ziwa Elementaita, ulio kwenye kimo cha mita 1,780 hivi, hadi Gilgil mjini, penye takriban mita 2,000, mwendesha baiskeli hupanda zaidi ya mita 200. Tuseme ana baiskeli ya Black Mamba ya kilo 20, yeye mwenyewe ni kilo 65, na kwenye keria amefunga lita 40 za maziwa. Pamoja na mitungi na kamba, anapandisha karibu kilo 130. Akinunua usukani na pedali nyepesi zikapunguza kilo nzima, amepunguza chini ya asilimia moja ya mzigo. Nafuu hiyo hiyo angeipata kwa kuacha lita moja ya maziwa nyumbani. Wepesi una faida kwa mtu kama Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Hata kwa watu kama yeye, sheria za mashindano hazikubali baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Anayefukuza riziki hafukuzi sekunde.

Pesa yake ya kwanza iende kwenye tairi na cheni. Tairi laini kwa kukosa pumzi hula nguvu kila hatua, tambarare na mlimani, na pampu ni rahisi kuliko spea yoyote ya kung'aa. Cheni nayo ina adui wake hapa: vumbi jeupe la Kariandusi, kunakochimbwa diatomaiti. Likichanganyika na oili, linasaga chuma kama msasa. Chukua rula, upime inchi 12 za cheni kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ukingoja ifike sehemu moja ya nane, meno ya friwili yatakuwa yameliwa pia, na badala ya kununua kimoja utanunua viwili.

Baada ya hapo ni breki. Ringi za chuma zikilowa mvua hupoteza sehemu kubwa ya mshiko, na kuteremka na mzigo kwa breki za namna hiyo ni kujitakia makubwa. Ringi za aloi hushika vizuri zaidi. Mafundi watapinga kwamba aloi hupinda, na kweli ringi hafifu haziwezi keria iliyojaa. Lakini mzigo mwingi hukaa nyuma, ilhali breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Basi weka aloi mbele, nyuma ubaki na chuma. Piga hesabu yote, maana breki za fimbo hubana ringi kwa ndani na za kebo hubana ubavuni. Ukibadilisha ringi, breki nayo inabadilika.

Je, gia? Hapa wapinzani wangu wana hoja nzito, kwa sababu gia haipunguzi mzigo lakini humwezesha mtu kupanda bila kushuka na kusukuma. Kasoro ni kile kibadilisha gia kinachoning'inia nyuma: kikigongwa na jiwe kinapinda, na safari inaishia hapo. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa 2005, lilikwepa tatizo hilo katika baiskeli yake ya Buffalo ya gia mbili kwa kuweka cheni mbili. Ukizungusha pedali kinyume kidogo, gia inabadilika. Kwa anayepanda na mzigo kila siku, gia ya namna hiyo inastahili pesa. Kwa anayezunguka mjini Gilgil tu, tairi jipya litamtosha.