Meno ya Papa Kitale

Mtu wa pwani akitajiwa Kitale hufikiri mahindi na baridi, na kwa yote mawili hakosei. Mji huo uko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Mimi niliingia humo jioni moja ya mvua, pikipiki ikikohoa kama mzee wa pumu, nimekwisha kula zaidi ya kilomita 800 tangu Mombasa.

Nilikuwa na ahadi. Alhamisi baada ya Alasiri palikuwa na khitima Bungoma, ya sahibu yangu aliyehama Mji wa Kale zamani kufuata biashara. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikasema moyoni, kesho nitasafisha plagi, nitie upepo magurudumu, nishuke zangu.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa kijana Mbukusu mwenye maneno machache. Alinisalimu kwa "mulembe", akaifungua plagi, akanionyesha. Nyeusi, imejaa masizi. "Mzee, hapa hewa ni nyepesi," akasema. "Chombo chako kinakunywa petroli ya Mombasa na kuvuta hewa ya Kitale." Akakipangusa kichujio cha hewa, akaishusha pingili moja sindano ya kabureta ili petroli ipungue. Injini ikaitika vizuri. Akaniusia kwamba nikirudi pwani niirudishe mahali pake, la sivyo injini itapata moto.

Basi nikadhani tumemaliza. Kumbe bado. Alizungusha gurudumu la nyuma taratibu, akaushika mnyororo na kuuvuta nyuma ya sproketi kubwa. Uliachana na meno, hata kidole kingepita. Nayo meno yamechongoka na kulala upande mmoja, mithili ya mapezi ya papa. Nikamwambia anitilie mnyororo mpya tu, sproketi zingoje. Akakataa katakata. Meno mabovu huutafuna mnyororo mpya kwa muda mfupi, na mnyororo ukikatika mbioni waweza kujisokota na kulifunga gurudumu. Nilikasirika kidogo, nakiri, maana nilimwona kijana anataka fedha.

Hapa nilijilaumu mwenyewe. Vyombo vidogo vya bodaboda vina vipuri kila kona ya magharibi ya Kenya, na si ajabu, kwani jina lenyewe bodaboda lilizaliwa mpakani huko, Busia na Malaba, kwa baiskeli zilizokuwa zikichukua watu kutoka boda hadi boda. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008 kwa pikipiki zisizofika 250 cc, zikajaa barabarani. Lakini mimi, kwa majivuno ya ujana uliokwisha pita, nilipanda pikipiki ya zamani ambayo sproketi yake ilibidi iagizwe Eldoret. Ije na matatu, leo au kesho, Mungu akipenda.

Kungoja namna hiyo kuna hukumu yake. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanasema msafiri anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili. Lakini anayesema kila siku "nikipata haja yangu naondoka" anaweza kupunguza sala hata siku kumi na nane. Nilipunguza, huku macho yako stendi.

Wala sikuwa wa kwanza kutoka pwani kukwama pande zile. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika Mumias, kusini ya Bungoma, katika karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu. Mzungu Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883, njia ilikuwa imekwisha kujulikana. Pale watu walipumzika, wakapata chakula, wakafunga upya mizigo. Uislamu nao ukabaki, na hata leo Mumias ni mji wa misikiti.

Alhamisi Alasiri iliponifikia, nilikuwa nimeketi juu ya debe uani kwa fundi. Kifurushi kilikuja baada ya Magharibi. Alifunga sproketi kwa mwanga wa taa, akauacha mnyororo ulegee kama upana wa vidole viwili, akapaka oili, akanikataza kuondoka usiku. Alisema matela ya miwa upande wa Bungoma mengine hayana taa. Safari hii sikubishana.

Nikaondoka Ijumaa baada ya Alfajiri, mikono imekufa ganzi. Kiminini, Kamukuywa, Webuye. Njia yashuka na joto larudi kidogo kidogo. Huko lami ikiwa nzuri mtu hushawishika kufungua mafuta. Niliwaza mnyororo ule wa zamani, uliobaki Kitale ndani ya ndoo, nikapunguza.

Bungoma nilikuta majamvi yamekwisha kukunjwa. Mjane wa sahibu yangu alitoka mlangoni akaniuliza, "Shemeji, tulikungoja jana. Ulikuwa wapi?" Sikuwa na jawabu la haraka, nikamwonyesha viganja vyangu vilivyojaa oili. Akavitazama kitambo, akaingia ndani, akarudi na birika la maji na kipande cha sabuni. Halafu akaniletea sahani ya pilau aliyokuwa ameifunika tangu jana.