Yadi 641 bila tachdauni hata moja

Jumamosi ya Novemba 15, 2014, mjini Madison, Melvin Gordon, mbeba mpira wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alibeba mpira mara 25 na kukimbia yadi 408 dhidi ya Nebraska. Robo ya nne hakuigusa. Alikuwa amekwisha kuketi benchi, kazi imeisha. Rekodi ya vyuo ya LaDainian Tomlinson ya yadi 406 katika mechi moja, iliyodumu tangu 1999, ikaanguka. Ni kweli kwamba juma moja tu baadaye Samaje Perine wa Oklahoma alikimbia yadi 427 akaichukua, lakini Gordon aliumaliza msimu na yadi 2,587 na tachdauni 29 za kukimbia, yaani mara 29 aliufikisha mpira eneo la mwisho. Nani angemtilia shaka kijana huyo?

San Diego Chargers hawakumtilia. Katika uteuzi wa chipukizi wa NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2015 walibadilishana nafasi na San Francisco ili wasimkose, wakamchukua akiwa wa 15. Na gwiji wa klabu hiyo katika nafasi ileile alikuwa nani? Tomlinson. Kijana alivaa jezi huku kivuli cha mkubwa wake kikimsubiri uwanjani.

Msimu wake wa kwanza ulipokwisha, hesabu yake ilisomeka hivi: amebeba mpira mara 184, yadi 641, tachdauni sifuri. Mpira ulimponyoka mara sita. Oktoba, kwenye mechi na Green Bay, ulimponyoka mara mbili kabla ya mapumziko, akawekwa benchi.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kazi ya mbeba mpira inaonekana kuwa ni mbio tu. Mbio ni sehemu yake ndogo. Anapokabidhiwa mpira, mbele yake kuna ukuta wa wanaume wenye kilo zaidi ya 130 wanaosukumana, na upenyo hufunguka na kufungika kwa kufumba na kufumbua. Akiwahi mno, anamgonga mwenzake mgongoni. Akichelewa, mlango umefungwa. Chuoni angeweza kukata tamaa na katikati, akazunguka pembeni na kuwaacha mabeki kwa kasi. NFL hata wale wenye miili mikubwa wanamfikia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi waliomcheka hawakulitazama. Wisconsin walimzoesha kuanza nyuma kabisa, mbele yake akiwa na mtangulizi wa kumfungulia njia, hivyo alipopokea mpira tayari miguu ilikuwa imeshika kasi. San Diego walimtegemea kotabeki Philip Rivers na mkono wake. Mara nyingi Gordon alisimama ubavuni mwa Rivers, akapokea mpira akiwa karibu amesimama wima, bila mtangulizi, nyuma ya safu ya wazuiaji iliyoandamwa na majeraha. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Hata hivyo, kuna picha iliyouma. Desemba 20, dhidi ya Miami, Gordon aliumia goti na msimu wake ukakomea hapo. Siku hiyohiyo Danny Woodhead, mwenzake mfupi ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuoni, alifunga tachdauni nne.

Gordon akafanyiwa upasuaji. Alipopata nafuu alikwenda Houston kujinoa na Adrian Peterson, mbeba mpira nyota wa NFL. Klabu nayo ilikuwa imebadili mambo: Ken Whisenhunt alirudi kuongoza mashambulizi, na katika uteuzi wa 2016 wakamchagua Derek Watt, mtangulizi yuleyule aliyekuwa akimfungulia Gordon njia kule Wisconsin. Mechi ya kwanza, dhidi ya Kansas City, Gordon alifunga mara mbili. Wiki iliyofuata Woodhead aliumia goti, na mzigo wote ukamwangukia Gordon.

Si kila chipukizi husubiriwa hivyo. Trent Richardson, mbeba mpira aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2012, aliuzwa na Cleveland kwenda Indianapolis baada ya mechi mbili tu za msimu wake wa pili. Huko, msimu huo, wastani wake ulikuwa yadi 2.9 kila alipobeba mpira, na mwaka 2015 akaachwa.

Gordon yeye alimaliza 2016 na tachdauni 12, kumi za kukimbia na mbili za kudaka, akaitwa kwenye Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Jeraha la Desemba lilimnyima mechi tatu za mwisho. Yadi zake zilikuwa 997.