Kiwanja Kabla ya Mchoro

Kiwanja kilicho pembezoni mwa bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, kikikaguliwa mwezi Septemba huweza kuonekana kikavu na salama. Kikikaguliwa tena mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, huwa kiwanja kingine: maji yametuama, vyoo vya shimo vya jirani vimefurika, na zahanati ya karibu imeanza kupokea wagonjwa wa kuhara. Mpango wa ujenzi uliotegemea ukaguzi mmoja wa kiangazi huwa umekosea kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira, kwa miradi inayohusika, ifanyike kabla mradi haujaanza au kupatiwa fedha. Pia inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Neno lenye uzito hapo ni “kabla”. Mkopo ukishatolewa, tathmini hugeuka karatasi ya kutafutia kibali tu. Kulisogeza jengo kwenye mchoro ni kazi ya kalamu na ufutio, likishasimama, haliondoki.

Wengi hudhani kuwa kinamasi ndicho chimbuko la malaria, hivyo kukivuruga ni kinga. Ushahidi hauungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Katika utafiti uliofanyika Kabale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000, vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyofyekwa mafunjo na kulimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vilivyopakana na vya asili, na kadiri kiwango cha chini cha joto kilivyokuwa juu ndivyo mbu aina ya Anopheles gambiae walivyokuwa wengi majumbani. Mbu huyo hupenda madimbwi madogo ya muda yanayopigwa na jua. Mashimo ya kuchimbia kifusi na nyayo za magurudumu ya malori humpa makazi hayo hayo, na katika joto la pwani yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 14. Mapipa ya maji ya ujenzi yasiyofunikwa, kwa upande wake, humfaa Aedes aegypti, mwenezaji wa homa ya dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Taarifa za kuonyesha mwenendo wa maradhi ya eneo kwa misimu zimo tayari katika madaftari ya MTUHA ya zahanati. Inasikitisha kwamba mpangaji huweza kupima udongo kwa makini na asiyaulizie kamwe. Mhudumu wa afya hana sababu ya kusubiri aitwe. Wakazi nao wanaijua njia ya zamani ya maji hata pale ramani isipoionyesha; mahali pa kuitaja ni mkutano wa wadau wakati wa tathmini. Wakiwa hapo waulize pia: mashimo ya kifusi yatafukiwa na nani, na kabla ya masika gani?