Kipande kisichotiwa kitu

Mtafiti anapomwomba mkulima wa Rumonge, Burundi, apande soya katika vipande vinne, kimoja mbegu tupu, kimoja mbegu iliyopakwa bakteria wa rizobia, kimoja mbolea ya fosfati na cha mwisho vyote viwili, kipande chenye thamani kuliko vyote ni kile kitupu. Bila hicho, mavuno mazuri yanaweza kuwa ya mvua tu. Kinaweza pia kuonyesha kwamba udongo tayari una bakteria wa kutosha: mbegu za soya za TGx za taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA zilizalishwa makusudi zielewane na bakteria wa kienyeji, na mwenye mbegu hizo huenda hana haja ya kununua pakiti ya bakteria. Mkulima hahitaji maabara kuanza kuchunguza. Ang'oe shina, apasue vinundu vya mizizi wanamoishi bakteria hao: vikiwa vyekundu ndani, naitrojeni ya hewani inanaswa, vikiwa vyeupe au vya kijani, hakuna kazi inayofanyika.

Wapo wanaosema majaribio haya yabaki kwenye vituo vya utafiti, kwa kuwa wakulima huchelewa kupanda na hupalilia zaidi kipande wanachokipenda. La palizi ni kasoro kweli, na dawa yake ni kupalilia vyote siku moja. Lakini kituo cha Gisozi cha ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, kiko juu ya mita 2,000, na mwambao wa Ziwa Tanganyika, iliko Rumonge, uko chini ya mita 800, wenye joto na vivuli vya michikichi. Pakiti ya bakteria iliyopigwa jua njiani kutoka Bujumbura inaweza kufika imekufa. Kituo chenye friji hakitaliona hilo. Kaskazini mwa Nigeria, majaribio ya mashambani ya 2010 na 2011 yalitoa nyongeza ya wastani ya zaidi ya kilo 400 kwa hekta kwa bakteria peke yao, ila tofauti ya shamba na shamba ilikuwa kubwa mno. Kwa mnunuzi wa pakiti, tofauti hiyo ndiyo habari, na mashamba machache hayawezi kuieleza.

Pingamizi zito ni la ardhi. Vipande vinne vya mita 10 kwa 10 vinakula asilimia 8 ya shamba la nusu hekta, na kitupu kinaweza kuvunwa kidogo. Hasara hiyo si ya mkulima kuibeba. Mradi uandike kabla ya kupanda kwamba mavuno yote ni yake, kwamba pengo la kipande kitupu litalipwa kwa soya, na kwamba matokeo atayapata kabla ya kununua pembejeo za msimu unaofuata.